Nilipimwa emajensi kwa doli, jibu nalijua ila mikono ikagoma. Hiki ni kipimo cha kweli?

intan_mwaka_huu: Wakuu habari za saa hizi. Niko intanshipu, wiki iliyopita tumepimwa OSCE ya emajensi, ule mtihani wa vitendo wa kesi za kuigiza. Unaingia unakuta doli limelala kitandani, msimamizi anakwambia mama kajifungua dakika kumi zilizopita, damu inatoka nyingi, presha 80 kwa 40, haya anza. Jamani hii kitu naijua, niamshe usiku wa manane nakutajia, kanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kubana mfuko wa uzazi yuniti 10 ya msuli, kanula mbili kubwa za mshipani, traneksamiki ya kuzuia damu gramu 1 kabla masaa 3 hayajapita. Pale nikasimama kama sekunde 40 naangalia monita tu, nesi niliyepangiwa ananisubiri niongee na mimi kimya. Nimefeli. Kinachoniuma sio maksi, ni kwamba jumatatu naanza zamu leba, wodi ya kujifungulia. Ile inampima daktari kweli au tunaigiza tu?

msahihishaji: Pole dogo. Mimi ndo huwa nakaa pembeni na ile karatasi ya tiki, nikwambie tunachoangalia. Dozi kila mtu anazijua. Watu wanaangukia kwenye kuita msaada mapema na kugawa kazi, mtu anasema "apewe oksitosini" anaongea na hewa, chumba kizima kila mmoja anadhani mwenzake ndo kaambiwa. Taja jina, sista Neema choma oksitosini kumi ya msuli, na yeye akujibu imeingia. Hizo sekunde 40 zako mtihani wa kuandika usingezionyesha kabisa. Na OSCE yenyewe ilianzishwa Dundee kule Scotland na Harden, miaka ya 70, kwa sababu zamani ukipangiwa mgonjwa mwepesi na msahihishaji mpole unapita, mwenzako anapangiwa mgumu anafeli. Sasa wote kesi moja, karatasi moja.

daktari_wa_wilaya: Mkuu nakubali nusu. Doli halitoi jasho, midomo haipauki, hakuna ndugu wanaolia mlangoni wala taa kukatika katikati ya kazi. Nina kijana alipita vizuri sana kwenye doli, siku ya kwanza ya eklampsia (kifafa cha mimba) ya ukweli akasahau dawa yake, magineziamu, iko kabati gani. Kila mkipima mpimeni kwenye wodi yake, na kabati lake mwenyewe.

mkunga_mzoefu: Mdogo wangu sio maigizo, ila ungepita pia ningekwambia hujamaliza. Hapa hapa kwetu, Haydom kule Manyara, mwaka 2010 walifundishwa siku moja kusaidia mtoto aliyezaliwa hapumui, ile ya dakika ya kwanza, awe amepumua au umeshaanza kumpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa. Walivyopimwa kwenye doli wakafanya vizuri kuliko mwanzo, lakini walipofuatiliwa leba kwa watoto wenyewe, kazi ikawa ile ile ya zamani. Wenzetu hawakukata tamaa, doli likasogezwa jirani na leba, watu wakawa wanafanya zoezi la dakika chache mara kwa mara hapo hapo kazini, na vifo vya watoto vya masaa 24 ya kwanza vikapungua. Mimi mwenyewe nikiingia zamu naanza na ambu na doli kabla sijashika faili. Mkono unasahau haraka kuliko kichwa, na kinachouma ni kwamba anayelipa ni mtoto.

intan_mwaka_huu: Asanteni sana, dada mkunga umenigusa. Tatizo kwetu doli lipo stoo na mwenye funguo yuko likizo.

mkunga_mzoefu: Kwa kutoka damu huhitaji doli. Mwambie intan mwenzako alale kitandani, mmoja ashike saa, mwingine awe nesi, na kila dawa uifuate kwenye kabati lenu, usiitaje tu kwa mdomo. Mkimaliza kaeni chini mwambiane ukweli nani alichelewa wapi, halafu mbadilishane. Anza leo jioni, usisubiri jumatatu.