Jirani anayeyusha betri uani, mwanangu tumbo haliishi kumsokota. Nianzie wapi?

FundiCherehani_Mabibo:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mabibo, nashonea barazani kwangu. Nyumba ya jirani ilikuwa ya familia mpaka mwaka jana, mwenyewe alipohamia Chanika akaipangisha kwa vijana wa chuma chakavu. Wanapasua betri za magari kwa shoka, maji yake wanamwaga mtaroni. Ikishapita magharibi wanayeyusha madini ya risasi ya betri hizo kwenye sufuria kwa moto wa matairi, wanamimina chubwi za kuwauzia wavuvi. Nikisimama dirishani chumba cha wanangu, ukuta wao naugusa kwa mkono.

Moshi huo una ladha, kama umeramba msumari. Juzi nilianika kitambaa cheupe cha shela ya bibi harusi, asubuhi nakikuta kimejaa vumbi la kijivu. Nikifuta ndiyo kwanza linaingia ndani. Kitambaa nimelipa. Mtoto je? Wa mwisho ana miaka mitatu, anashinda chini, kila akiokotacho mdomoni. Hii wiki ya tatu tumbo linamsokota, chakula hataki, choo hapati. Zahanati wakampa dawa ya minyoo, hakuna nafuu. Mjumbe ananiambia vijana wanatafuta riziki. Na mimi naitafuta hapohapo!

Nesi_Mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Anza na mtoto. Omba rufaa apimwe kiwango cha risasi kwenye damu, na mtajie daktari hizo betri, asipozisikia hatazifikiria. Shirika la Afya Duniani linataka ikifika maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Kuanzia leo usifagie kukavu, piga deki. Mnawishe mikono kila anapotaka kula, na chumba kile asilale tena. Maharage na dagaa asikose, maana mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Mkaazi_wa_Changamwe:
Dadangu, usingoje. Hapa Mombasa kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi 2007 ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru. Phyllis Omido aliajiriwa pale, mwanawe akaugua, damu ikakutwa na risasi. Ndipo akaanza kupigania kijiji. Kiwanda kilifungwa 2014. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamuliwa Julai 2020, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Watoto walikuwa wanakua muda wote huo, na risasi haiozi udongoni.

Mpimaji_Ardhi:
Mjumbe siyo mwisho. Andika barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakupa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kisha nenda mipango miji manispaa, uliza kama kiwanja kile kina kibali cha kubadili matumizi. Kiwanja cha makazi hakigeuzwi karakana kwa mkataba wa pango tu. Barua zako zigongwe muhuri wa kupokelewa.

FundiCherehani_Mabibo:
Mungu awabariki. Rufaa nimepata, tunakwenda Jumatatu. Kitanda cha watoto nimekihamishia sebuleni, kando ya cherehani. Ila nina mchicha chini ya ukuta ule, tumekuwa tukiula. Niung'oe?

Nesi_Mstaafu:
Ung'oe wote, mama. Na kuku usiwape.