Tupeane uzoefu: sekondari za serikali mjini Unguja, mlichaguaje?

Ummu Nasra: Asalaam aleykum jamani. Tunahama Fuoni, tunakwenda Kikwajuni, na binti yangu anaingia kidato cha tatu, kachagua sayansi. Kila ninayemuuliza ananitajia skuli aliyosoma yeye enzi za Mzee Jumbe. Mie nataka ya sasa: darasani wamo wangapi, walimu wa hesabu na fizikia wapo, wanaingia asubuhi au mchana. Mwenye la kulalamika alalamike, ila skuli asiitaje jina, tusije tukagombana na walimu wa watoto wetu.

Mzee wa Vikokotoni: Waaleykum salaam. Hao wa enzi za Jumbe ndio sisi, tuwie radhi. Lumumba wakubwa zetu wakiiita King George, jina la kabla ya Mapinduzi, na mtu akisema kasoma pale baraza zima linanyamaza kumsikiliza. Wajukuu zangu wako skuli isiyo na jina lolote na fizikia wanaijua. Basi, sina zaidi.

Baba Shuu: Mwanangu alianza kwenye skuli moja ya huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, darasani watoto wanakaribia mia. Wa nyuma wanaandikia magotini, na daftari za hesabu mwalimu anasahihisha za safu ya mbele, kengele imelia. Simlaumu, angefanyaje? Tukamhamishia skuli mpya ya ghorofa: viti vipo, wamepungua, na mwalimu anamjua kwa jina. Zile ghorofa watu wanazisema mengi, mie naona kwa hilo zimesaidia.

Mama Twins wa Jang'ombe: Hakuna aliyegusia mkondo, yaani zamu ya asubuhi au mchana, na mkondo ndio uliotutesa sisi. Wanangu walipangiwa mchana. Asubuhi chuoni kusoma Kurani, kurudi kula mbiombio, jua la utosi wanakwenda skuli, kipindi cha kwanza wanasinzia. Wanatoka jua linazama, sasa ngoja uone daladala. Konda kaweka mkono mlangoni: "Mwanafunzi mmoja tu, mmoja tu!" Nauli yao ndogo, anamngoja mtu mzima. Mapacha wangu wakawa hawapandi, maana mmoja hamwachi mwenziwe. Wanaingia nyumbani Isha imeshaadhiniwa, hapo bado masomo ya ziada. Sasa wewe unakwenda Kikwajuni, una bahati ya peke yako: Haile Selassie, Ben Bella, Hamamni, mpaka Lumumba, zote anakwenda kwa miguu. Mie ningeanzia hapo, mengine baadaye.

Maalim Chaki: Nafundisha sekondari hapahapa mjini, kwa hiyo pangu sipataji. Dada Ummu Nasra, matokeo ya kidato cha nne yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kila skuli na ukurasa wake. Wazazi wengi wanasoma mstari wa juu tu, divisheni wani ngapi, ziro ngapi, wanafunga. Wewe teremka mpaka chini kabisa. Kuna jedwali la masomo: waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, na GPA, yaani wastani wa alama, ya kila somo. Hapo ndipo utakapoijua skuli.

Nimeshaona skuli ina watahiniwa tele, lakini waliofanya Fizikia hawajazi daladala. Mtoto akiyumba kidogo kwenye hesabu anasukumwa sanaa mapema, ili skuli isichafuke. Divisheni wani ni pointi 7 hadi 17 kwa masomo saba, na hizo pointi mtu anaweza kuzipata kwa Historia, Kiswahili na Dini bila kugusa Fizikia wala Kemia. Si vibaya, sanaa ni elimu, ila wewe umesema sayansi. Na GPA ya pale isikuchanganye: ndogo ndiyo nzuri, kwa sababu A inahesabiwa 1 na F ni 5. Kuna mzazi alinijia anashangilia skuli kapata nne na nusu!

Mchakechake: Na sisi wa Pemba tuseme. Huku Chake tunayo Fidel Castro, ina dahalia, kwa hiyo habari za konda hatuzijui, mtoto analala hukohuko. Ila dahalia nayo ina yake. Wangu muhula wa kwanza alikuwa akipiga simu kulia, wa pili akawa hapigi kabisa, mpaka umtafute wewe. Mamake ndiye aliyekuwa akilia sasa.

Ummu Nasra: Maalim Chaki, Allah akuzidishie, jedwali nimeliona. Skuli niliyokuwa nikiiwazia, waliofanya Fizikia kiganja kimoja. Na maabara je? Kila skuli wanasema ipo.

Maalim Chaki: Nenda siku ya masomo, si siku ya kikao cha wazazi. Muombe mwalimu mkuu akuoneshe. Ukikuta mlango una kufuli, uliza ufunguo anao nani na mara ya mwisho kidato cha tatu waliingia lini. Tazama beseni za maji kama mabomba yanatoa maji, na chupa za dawa kama zina vumbi. Halafu barua ya uhamisho anza kuishughulikia Fuoni sasa hivi, usingoje muhula ufunguliwe, nafasi za sayansi mjini zinawahiwa.

Ummu Nasra: Jumatatu inshallah, naanza na zile za miguu.