Miezi mitano nje kwa pasipoti ya Uganda: Uingereza, Schengen au Thailand?

Mgeni_Ntinda
Habari zenu wakuu. Nataka kutoka nje miezi mitano hivi, kuanzia Februari. Nimebakiwa na tatu: Uingereza, nchi za Schengen (zile za Ulaya zenye viza moja), au Thailand. Ipi ni rahisi kwa viza ya utalii na sitarudishwa uwanjani? Tiketi ya Bangkok imeshuka bei wiki hii, kwa hiyo msinicheleweshe sana.

Mzee wa Malaba
Tiketi iache kwanza. Pasipoti ni ya Uganda? Inaisha lini? Utafanya kazi huko au utakula akiba? Una mwenyeji? Umewahi kupata viza gani? Hela iko benki tangu lini? Usipojibu hayo, kila mtu hapa atakuuzia nchi anayoipenda yeye.

Kijana_wa_Arua
Thailand, mjadala umefungwa. Siku 60 bila viza, unagongewa muhuri unaingia. Ukitaka zaidi unatoka kidogo jirani unarudi.

Nyabo Kololo
Ssebo, usimpoteze mwenzio. Siku 60 bila viza ni za orodha ya nchi 93 iliyotangazwa Julai 2024. Afrika Kusini imo, Uganda haimo. Hili ndilo tatizo la kusoma blogu za wazungu: ushauri ni sahihi, pasipoti ndiyo si yako. Mganda anaomba viza kabla ya kuondoka, kwenye tovuti ya viza za kielektroniki ya Thailand, na ombi linashughulikiwa na ubalozi wao ulioko Nairobi. Akifika shirika la ndege bila hiyo viza, hapandi ndege. Hata Bangkok hataiona.

Mgeni_Ntinda
Samahani wakuu. Pasipoti ya Uganda, ndiyo, inaisha Septemba mwakani. Kazi ni ya mtandaoni, mwajiri yuko Nairobi, nitaendelea nayo nikiwa huko. Hela ipo ya kutosha.

Mzee wa Malaba
"Ya kutosha" si tarakimu. Lakini hayo mawili ya kwanza yamebadilisha swali lote, na ulikuwa umeyaficha.

Pasipoti ndiyo ya kuanza nayo. Ukiingia Thailand Februari una miezi saba imebaki. Wanataka sita, kwa hiyo unapita kwa chupuchupu, ila ukitoka na kutaka kuingia tena Mei umebakiwa na minne. Hapo utakwama. Schengen wanataka iwe hai miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na iwe na kurasa mbili wazi. Badilisha sasa, kabla ya kuomba viza yoyote, kwa sababu viza hufungwa kwenye namba ya pasipoti. Ada ya kawaida ni shilingi 250,000. Si lazima upange foleni Kyambogo, Kampala; Mbarara na Gulu pia wanatoa.

Dada Mbale
Kuhusu kazi, hapa ndipo watu wengi huchanganya.

Uingereza: tangu 31 Januari 2024 kanuni za wageni zinaruhusu kufanya kazi ya mbali kwa mwajiri aliye nje ya Uingereza, mradi kazi isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Ukiandika kwenye fomu "naenda kufanya kazi nikiwa London", umejichongea. Ukiandika unaenda kutembelea ndugu na kuona nchi, na barua ya mwajiri ikasema anakuruhusu kuendelea na majukumu yako kutoka mbali, hiyo inakubalika. Isipokuwa miezi mitano ni mingi kwa mtalii mwenye ajira. Afisa atajiuliza kama kweli unatembea au umehamia. Ratiba yako ijibu swali hilo kabla hajaliuliza.

Thailand: viza ya kawaida ya utalii hairuhusu kazi. Wana viza nyingine iitwayo DTV, ilianza Julai 2024, ya wanaofanya kazi mbali na wanaokuja kusomea mambo kama ndondi za Kithai au mapishi. Inadumu miaka mitano, kila ukiingia unapewa siku 180. Inaonekana imeshonwa kwa ajili yako, mpaka usome sharti la benki: baht 500,000. Kwa shilingi zetu inapita milioni 50, na baadhi ya balozi hutaka ziwe zimetulia kwenye akaunti miezi mitatu.

Kijana_wa_Arua
Milioni 50 za kukaa tu kwenye akaunti? Aende na viza ya kawaida. Nani atafungua kompyuta yake chumbani?

Nyabo Kololo
Hawafungui kompyuta. Wanahesabu siku. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni siku 60, unaongeza 30 kwenye ofisi ya uhamiaji kwa fomu TM.7 na baht 1,900. Jumla 90, basi. Na ukitoka nje ya Thailand hata kwa siku moja bila kibali cha kurudi, zile siku zilizobaki zimekufa. Kibali cha kurudi mara moja ni baht 1,000 na unakichukua kabla ya kutoka.

Kwa miezi mitano ambayo haina DTV, ninachokiona mimi ni viza ya utalii ya kuingia mara nyingi. Inadumu miezi sita tangu itolewe, kila ukiingia siku 60. Hesabu yake: siku 60, ongeza 30, toka, ingia tena, siku 60. Hizo ni 150. Lakini kuingia kwa mara ya pili lazima kuwe kabla viza haijaisha, kwa hiyo usiombe Novemba kwa safari ya Februari. Na angalia mapema nchi jirani unayotaka kukimbilia inampokea Mganda kwa masharti gani. Watu wamefika mpaka wa nchi ya tatu hawana viza yake, nyuma hawarudi, mbele hawaendi.

Ukipitisha siku: baht 500 kwa kila siku, mwisho 20,000. Ukizidisha zaidi ya siku 90 halafu ukajisalimisha mwenyewe, unafungiwa mwaka mmoja. Ukikamatwa kabla hujajisalimisha, hata kama ni chini ya mwaka, ni miaka mitano.

Mzee wa Malaba
Schengen hakuna aliyeigusa, niimalize. Miezi mitano mfululizo kwa viza ya utalii HAIWEZEKANI. Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Neno "zozote" ndilo linalowaumiza watu. Wanadhani ukitoka saa inaanza upya.

Fanya hesabu. Umeingia 1 Machi, umetoka 29 Mei. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa: Machi 31, Aprili 30, Mei 29, jumla 90. Unaweza kurudi lini? Simama siku unayotaka kuingia, hesabu 180 kurudi nyuma ukiijumlisha hiyo siku yenyewe. Tarehe 27 Agosti dirisha linaanzia 1 Machi, siku zako 90 zote bado zimo ndani. Tarehe 28 Agosti ile 1 Machi imedondoka, ya leo inachukua nafasi yake. Kwa hiyo 28 Agosti, si mapema zaidi.

Sasa gawanya. Umekaa 1 Machi hadi 9 Aprili, siku 40. Ukaenda zako, ukarudi 1 Juni. Unazo 50, zinaisha 20 Julai. Watu hufika 20 Julai wakidhani wana 90 mpya tangu Juni.

Na kuna safu mbili kwenye karatasi ya viza. Moja inasema kuanzia lini mpaka lini, nyingine inasema siku ngapi. Viza inaweza kuwa hai siku 40 na ruhusa ya kukaa ikawa 25. Inayotawala ni ile ndogo. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kusajili alama za vidole na picha mpakani badala ya kutegemea mihuri, kwa hiyo muhuri uliofifia haukusaidii tena.

Ssebo_Safari
Mzee, unatoka unaenda Croatia au Bulgaria unasubiri huko. Hizo si Schengen.

Mzee wa Malaba
Croatia iliingia 2023. Bulgaria na Romania zimeingia kikamilifu 1 Januari 2025. Hiyo ramani yako imezeeka. Zilizobaki nje kwenye Umoja wa Ulaya ni Ireland na Cyprus, na zote mbili zina viza zao.

Ssebo_Safari
Sawa, basi siku 90 Schengen halafu siku 60 Uingereza. Miezi mitano hiyo hapo.

Dada Mbale
Inawezekana, na ni maombi mawili, ada mbili, na kila upande utauliza kwa nini unazunguka hivyo. Ada ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari ya angalau euro 30,000 ni lazima. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si ile yenye miadi ya karibu. Nchi nyingine hazina dirisha la viza Kampala na zinawakilishwa na nyingine, kwa hiyo thibitisha kabla ya kulipa miadi. Ombi lisiwasilishwe zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15.

Kwa Uingereza peke yake ni nyepesi zaidi: viza ya mgeni ya kawaida, hadi miezi sita mfululizo. Unaweza kuomba miezi mitatu kabla. Mtego wake uko kwenye tarehe. Miezi sita inaanza siku uliyoijaza kwenye fomu, si siku unayotua Heathrow. Umeandika 1 Februari, umechelewa ukatua 20 Februari, mwisho uko palepale. Na usitegemee kuongeza ukiwa ndani. Viza za miaka miwili, mitano au 10 zipo, lakini kila ukiingia bado ni miezi sita, na ukionekana unaishi huko kwa kurudi rudi wanaweza kukuzuia.

Sasa hela. Mgeni, wakala yeyote wa hapo mjini akikuambia "tutapendezesha akaunti", toka ofisini kwake. Acha nieleze mwendo wake unavyokuwa, maana ni uleule kila mara. Mwombaji ana mshahara wa milioni mbili. Wiki mbili kabla ya ombi, zinaingia milioni 30 kwa mkupuo. Wakala anaweka barua ya kazi yenye cheo kikubwa kuelezea hiyo hela. Afisa anapiga simu kwenye namba iliyo kwenye barua. Anayepokea hamjui mtu huyo, au namba haipokelewi kabisa. Kama ingekuwa hela tu, angenyimwa kwa sababu chanzo hakieleweki na angeomba tena kesho. Lakini barua ya uongo ni udanganyifu, na Uingereza inaufungia miaka 10. Wakala ameshakula ada yake. Mwombaji akigeukia Kanada au Australia anakuta fomu zao zinauliza kama amewahi kunyimwa viza popote. Akisema ndiyo, anaeleza udanganyifu. Akisema hapana, ameongeza wa pili.

Milioni nane zilizoingia kidogokidogo miezi sita, zikiendana na mshahara, zina nguvu kuliko hizo 30.

Mwanabusia
Nyie mnamtesa bure. Afrika Mashariki kwa Mganda ni hadi miezi sita bila viza, chini ya soko la pamoja lililoanza 2010. Kenya anaingia na kitambulisho cha taifa tu. Mombasa ina bahari, ina intaneti, na mwajiri wake yuko Nairobi! Basi la usiku kutoka Kampala, kesho amefika.

Kijana_wa_Arua
Ameuliza Bangkok, wewe unampa Mombasa.

Mwanabusia
Ameuliza pa kukaa miezi mitano bila kurudishwa. Zanzibar pia. Ila Zanzibar kuna bima ya lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024, nayo inadumu siku 92, akae akijua.

Nyabo Kololo
Akikaa karibu na mwajiri hivyo, Kenya watamuuliza kibali cha kazi. Pasi ya mgeni ni ya kutembea, hata ndani ya jumuiya.

Mwanabusia
Nyabo, mtu na kompyuta yake ufukweni!

Nyabo Kololo
Ndilo alilosema wa Arua pale juu.

Mgeni_Ntinda
Nimewasoma wote. Kwa hiyo Schengen imetoka. Uingereza nina binamu Leicester, sikulitaja. Milioni 50 sina.

Mzee wa Malaba
Binamu hukumtaja! Haya: barua yake ya mwaliko, nakala ya pasipoti yake au uthibitisho wa ukaaji wake, na mahali utakapolala. Kama yeye ndiye atakayelipia, na taarifa zake za benki pia.

Mama_Gulu
Naomba kuingilia. Mwanangu anapitia Bangkok mwezi ujao, viza anayo. Kadi yake ya homa ya manjano imeandikwa inaisha baada ya miaka 10 na imeshapita. Achanjwe tena?

Nyabo Kololo
Hapana mama. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha, hata kama kadi ya zamani ina tarehe ya mwisho. Asichanjwe mara mbili kwa ajili ya karatasi. Jina kwenye kadi liwe sawasawa na la pasipoti. Akitua, asiende moja kwa moja kwenye foleni ya uhamiaji. Wanaotoka Uganda wanapita kwanza dawati la afya, wanajaza fomu, inagongwa muhuri. Akiruka hatua hiyo atarudishwa nyuma ya foleni. Na fomu ya kuwasili ya mtandaoni ajaze ndani ya siku tatu kabla ya kutua, ni bure. Tovuti inayomdai hela si yenyewe.

Mama_Gulu
Asante nyabo. Na kama kadi yenyewe imepotea?

Dada Mbale
Hapo sasa muda unamkimbiza. Arudi alikochanjwa wakatafute kwenye daftari lao, wamtolee nyingine. Wasipoiona, achanjwe leo, kwa sababu cheti kipya hakihesabiki mpaka zipite siku 10. Anasafiri tarehe ngapi?