Nimekojoa damu, nasubiri vipimo, usingizi umekata. Naombeni ushauri

Mtoa mada

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwanaume wa miaka 46. Jumatatu ya wiki iliyopita niliamka alfajiri kwenda haja ndogo, nikaona mkojo mwekundu kama maji yaliyosuuziwa nyama. Hakuna maumivu, hakuna kuungua. Mchana ukatoka vilevile, jioni ukarudi kuwa wa njano, na mpaka leo macho yangu hayajaona damu tena.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Kijiti cha kupimia kikaonyesha damu bado ipo. Wakachukua mkojo wa kuotesha ili kuona kama una bakteria, wakanitoa damu ya kuangalia figo, nikapigwa ultrasaundi. Daktari akasema nitapewa majibu yote kwa pamoja siku ya kuingiziwa kamera ya kuangalia kibofu. Zimebaki siku 9.

Hizo siku 9 ndizo zinazonimaliza. Usiku naamka saa nane, nashika simu, nasoma habari za saratani ya kibofu mpaka kunakucha. Nilivuta sigara miaka 15, nimeacha miaka 6 iliyopita, na kila ninaposoma nakutana na neno sigara. Kila nikienda chooni nawasha tochi ya simu nimulike. Juzi nilikojoa kwenye kikombe cheupe, nikakipeleka dirishani, nikakikazia macho hadi nikaanza kuona wekundu ambao haupo.

Mke wangu hajui lolote. Nimemwambia ni uchovu wa kazi. Halafu kuna sauti inaninong'oneza kwamba mkojo umeshasafika, kamera ya nini tena? Mliopitia haya, mlizipitishaje siku zenu?

Nuru_ya_Asubuhi

Pole sana kaka yangu. Mimi nilisubiri siku 12, na nilipopewa majibu, mawe kwenye figo, nilishangaa kuona kwamba kusubiri kulinichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Anza na simu. Usiku ilaze chumba kingine. Kama unaitumia kukuamsha, tafuta saa ya kawaida. Saa nane ya usiku akili imechoka, inakamata neno baya kuliko yote na kuliganda. Mimi nilijiwekea muda wa kuhofia, nusu saa jioni, kwenye kiti kilekile, na daftari. Nilikuwa naandika kila kinachonitisha bila kujizuia. Hofu ikinijia mchana naiambia inisubiri jioni. Siku mbili za kwanza ilikataa. Ya tatu nikagundua jioni imefika sina la kuandika zaidi ya mistari minne, na miwili kati yake ilikuwa maswali ya kumuuliza daktari.

Hicho kikombe kiache. Mimi nilifanya vilevile kwa kijitambaa cha karatasi, na kila nilipoangalia nilikuwa naipa hofu chakula.

Kaka_Mkubwa

Mkuu, hiyo itakuwa UTI tu. Nunua dawa za bakteria, umeze siku 5, usijitese na kamera.

Muuguzi_wa_Zamu

Kaka Mkubwa, najua umesema kwa nia njema, lakini hapana. Mtoa mada, mimi ni muuguzi, na naomba uyasome haya taratibu.

Damu ya mkojo ina tabia ya kuja na kuondoka. Kusafika hakumaanishi kilichoitoa kimeondoka, na damu inayoonekana kwa macho bila maumivu, kwa mtu wa umri wako aliyewahi kuvuta, lazima itafutiwe chanzo hata kama ilitoka mara moja. Usikose siku yako. Dawa za bakteria usimeze bila kuandikiwa.

Sasa upande wa pili, ambao saa nane za usiku hauuoni. Wengi wanaopimwa kwa sababu hii hawakutwi na saratani. Hukutwa na maambukizi, mawe, tezi dume iliyotanuka, wengine kichocho, na wapo ambao chanzo hakipatikani kabisa, wakabaki kufuatiliwa tu. Wekundu nao hutisha kuliko kiasi chake: mililita 1 ya damu kwenye lita nzima ya mkojo inatosha kuubadilisha rangi. Na kama kutakuwa na uvimbe, mwingi wa kibofu hugundulika ukiwa bado juu juu, na huondolewa kupitia njia ileile ya mkojo bila kupasua tumbo. Kuacha kwako sigara nako kumeshakusaidia, hatari hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Kamera unawekewa kwa sababu ultrasaundi haioni vizuri vitu vidogo ndani ya kibofu. Haina maana kwamba daktari ameona kitu akakuficha. Piga simu ukaulize kama majibu ya mkojo wa kuotesha yapo, kwa kawaida huchukua siku 2 au 3. Si lazima usubiri yote kwa mkupuo.

Usisubiri tarehe ukiona mabonge ya damu, ukishindwa kukojoa, ukipata homa na kutetemeka, au maumivu makali ya ubavuni. Hapo nenda siku hiyohiyo.

Kichwa_Maji

Uliwahi kuoga mtoni au ziwani? Mimi yangu ilikuwa kichocho. Wape hiyo habari, mkojo wa kutafuta mayai ya minyoo yake huchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Mzee_wa_Kitambo

Mwanangu, kamera hiyo nimeipitia mara mbili. Unalala chali, wanakusafisha, wanakutia jeli ya ganzi, kisha unaingia mrija mwembamba. Kinachosumbua ni pale unapopita karibu na tezi dume. Unajisikia kubanwa na mkojo sana, ukitoa pumzi polepole na kulegeza mapaja unapita. Dakika chache imekwisha. Nilipokojoa baadaye kuliungua siku moja hivi, na mkojo ulikuwa na rangi ya waridi. Nilikuwa nimeambiwa mapema, kwa hiyo sikushtuka.

Ila la mke wako limenigusa. Mara ya kwanza nilimficha wangu. Alijua kuna jambo, akadhani nimemchoka. Alilia peke yake wiki nzima, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwambie leo. Hata sentensi moja, usitafute maneno mazuri.

Mtoa mada

Nimesoma yote, wengine nimewasoma mara tatu. Asanteni kutoka moyoni.

Mzee wangu, nimemwambia. Nilikuwa nimepanga maelezo marefu, nikajikuta nasema tu, "Nilikojoa damu, nasubiri kipimo, naogopa." Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza ni saa ngapi siku ya kamera, akaenda kuomba ruhusa kazini kwake.

Muuguzi, leo nimepiga simu. Mkojo hauna bakteria, figo zinafanya kazi vizuri. Ultrasaundi nitasomewa siku yenyewe. Kukosa bakteria kulinirudishia hofu, maana nilitamani iwe UTI, lakini nimeandika hivyo kwenye daftari jioni na nikalifunga. Kichwa Maji, utotoni tulikuwa tunaoga mtoni kila siku, nalo nimeliandika nimwambie daktari.

Simu imelala sebuleni kwa usiku wa pili sasa. Jana saa nane niliamka kama kawaida, nikapapasa pembeni, haipo. Mke wangu naye alikuwa macho. Tukazungumza mambo ya watoto mpaka akapitiwa na usingizi, nami nikamfuata.