Ushauri: programu ya kusafisha picha za RAW kwa kompyuta ya kawaida

KijanaWaMoro
Wakuu, salaam. Napiga picha za harusi na kipaimara hapa Morogoro kwa Canon EOS 200D. Siku zote napiga JPEG, lakini kumbi za sasa zimejaa taa za zambarau, maharusi wanatoka kama wamemwagiwa wino. Nikaambiwa nipige RAW, yaani faili ghafi ya kamera kabla haijageuzwa JPEG. Sasa faili za CR2 (ndiyo RAW ya Canon yangu) zimejaa kwenye diski na sijui nizifungulie wapi. Kompyuta ni i5, RAM GB 8, haina kadi ya grafiki. Kulipia kila mwezi sitaki kwanza, maana Kwaresma ikiingia harusi hakuna. Kuna jamaa kanipa Lightroom, ile programu ya kulipia ya Adobe, ya dezo kwenye flashi, naogopa virusi. Nawasilisha.

KioCheusi
Mkuu, hiyo ya flashi usiiguse. Canon wenyewe wana Digital Photo Professional, ya bure, unapakua kwenye tovuti yao. Weka serial namba ya kamera karibu, huenda ukaulizwa. Uzuri wake ni rangi: inasoma mpangilio wa kamera yako, kwa hiyo picha inafunguka kama ulivyoiona kwenye kioo cha nyuma, na ngozi zetu haziendi kwenye kijivu. Ukirekebisha picha moja ya ukumbini, unanakili marekebisho na kuyabandika kwenye zote za taa ile ile. Nzito kidogo, na sura yake ya kizamani.

MzeeWaUbuntu
darktable. Bure, ipo kwa Linux, Mac na Windows. Unachagua uso peke yake, unauongezea mwanga, ukuta unabaki ulivyo. Mengine ni kupotezeana muda.

Neema_Lenzi
Shikamoo Mzee, lakini usimtose kijana. darktable naipenda, ila bila kadi ya grafiki, kuondoa chenga (zile punje punje) kwenye picha za usiku utasubiri mpaka uchoke. Halafu picha inafunguka imepooza, kwa sababu haijaribu kuiga JPEG ya kamera. Mgeni akiiona anadhani kamera yake mbovu.

Mimi ningemwambia RawTherapee. Nayo ni bure. Ndani ya kila RAW kuna JPEG ndogo imefichwa. Programu inaitazama hiyo na kuiga mwanga wake, kwa hiyo huanzi gizani. Kadi ya grafiki haitumii kabisa, so wewe hupungukiwi kitu. Kurekebisha sehemu moja ya picha kumekuja toleo la 5.9, mwaka 2022, na bado kunasumbua. Uso mmoja mmoja, Mzee anashinda.

Bwana_Chenga
Kuhusu zambarau tusidanganyane. RAW ya 200D ni biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga. JPEG ina 256 kwa kila rangi. Ndiyo maana RAW unaivuta rangi huku na huku na haichaniki. Lakini LED ikiwa buluu tupu, nyekundu haikufika kwenye kihisi, na hakuna programu ya kuiumba, hata ya kulipia. Picha hizo zigeuze nyeusi na nyeupe, na siku nyingine ongea na mtu wa taa kabla maharusi hawajaingia.

KijanaWaMoro
Asanteni sana. Nilisahau jambo: msaidizi wangu anatumia Sony a6000. Hiyo ya Canon itafungua?

KioCheusi
Aah, ungesema mapema! Haifungui RAW za Sony. Sony wana Imaging Edge Desktop, bure pia, lakini harusi moja kwenye programu mbili, gauni litakuwa jeupe huku na la maziwa kule. Basi nakubaliana na dada Neema, tumia RawTherapee kwa zote mbili. Na mkifika ukumbini kila mmoja apige picha ya kadi ya kijivu chini ya taa zile zile, ndiyo mtakayoanzia kusawazisha rangi.

KijanaWaMoro
Na nikija kulipia Lightroom baadaye, nikakosa hela mwezi mmoja?

Bwana_Chenga
Ukiwa na Lightroom Classic picha zinabaki kwenye diski yako, unaziona na kuzitoa. Kinachofungwa ni chumba cha kurekebishia. Ile ya kununua mara moja ukamaliza, Lightroom 6, Adobe walishaisitisha.

Neema_Lenzi
Kingine, RawTherapee haigusi CR2 yako. Marekebisho yanaandikwa kwenye faili ndogo ya .pp3 pembeni yake. Ukihamisha folda kwenda diski ya nje, beba na hizo. Ukiziacha, CR2 inafunguka kama siku uliyoipiga na kazi unaanza upya.

MzeeWaUbuntu
Marahaba Neema. Kijana, darktable nayo inaandika zake, .xmp. Ukizikuta usizifute.