Tozo ya usiku, BID au meya wa usiku: ipi inamfikisha mtu nyumbani salama?

zamu_ya_usiku
Wakuu habari za humu. Mi nafanya usafi maofisini huku Newcastle, England, natoka kazini saa 9 usiku na njia yangu inapita Bigg Market muda ule ule baa zinamwaga watu. Jumamosi nimekuta binti kakaa ukingoni mwa barabara, viatu mkononi, simu imezima, miguu imekuwa myekundu kwa baridi, na wenzake hawaonekani. Akaja mmama mmoja wa kujitolea na begi mgongoni, akatoa ndala za mpira na chupa ya maji, akamchajia simu, akasimama naye mpaka teksi ikaja na akaisoma namba ya gari kabla mlango haujafungwa. Nimefika home usingizi haujaja, nawaza zile ndala nani kazilipia, maana baa zinaingiza hela usiku kucha.

Nikaanza kufuatilia. Newcastle ndio halmashauri ya kwanza kuweka tozo ya usiku, Novemba 2013, kwa sheria ya England na Wales ya 2011. Ukiruhusiwa kuuza pombe kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi, kwa masaa ambayo halmashauri itachagua, unalipa kwa mwaka kuanzia pauni 299 hadi 4,440 kutegemea thamani ya jengo lako na kama pombe ndio biashara yako kuu. Ukitoa gharama za ukusanyaji, polisi wanapata angalau asilimia 70, inayobaki ni ya halmashauri, na ile ya halmashauri lazima iende kwenye usalama wa usiku au kufagia barabara.

Njia ya pili ni BID (Business Improvement District), wafanyabiashara wa eneo wanapiga kura wajitoze wenyewe kwa ajili ya huduma za eneo lao. Ya tatu ni ya Amsterdam, meya wa usiku, yaani mtu anayesimama kati ya mji, wenye kumbi na wakazi. Naomba wenye uzoefu mseme, ipi bora?

mlango_wa_mbele
Mkuu mi nilikuwa baunsa London miaka sita, kadi ya SIA, ile leseni ya mabaunsa, shingoni. Kabla hujafika kwenye tozo anzia kwenye leseni yenyewe maana hapo ndipo penye meno. Sheria ya leseni ya 2003 ina malengo manne tu, kuzuia uhalifu, usalama wa watu, kuzuia kero na kulinda watoto, na mtu akiomba leseni majirani na polisi wana siku 28 za kupinga. Halmashauri inaweza kuandika sharti ndani ya leseni, kamera, idadi ya mabaunsa, saa ya mwisho ya kuingia. Maji ya kunywa ya bure ni lazima nchi nzima tangu 2010, mteja akiomba unampa, na nakwambia nimeona glasi ya maji ikimtuliza mtu aliyekuwa anataka ngumi.

Kuhusu tozo, siipendi. Kwanza kwa muda mrefu sheria ililazimisha ienee halmashauri yote, kwahiyo kibaa cha pembezoni kisicho na fujo kinalipia fujo za katikati ya mji. Pili asilimia 70 ikishaingia kwa polisi wewe mlipaji huioni tena. Cheltenham walianza tozo 2014, hela ikaja kidogo kuliko walivyotegemea, 2017 wakaifuta wakahamia BID.

mama_wa_wawili
Kaka mlango_wa_mbele, BID nayo ina shida yake. Kura ikipita inadumu miaka mitano tu halafu mnarudi kuombana upya, na ili ipite lazima washinde kwa idadi na pia kwa thamani ya majengo, sasa maduka ya nguo yanayofunga jioni yanapiga kura hiyo hiyo, unadhani yatataka maua au mtu wa kusimamia foleni ya teksi saa 9 usiku? Mimi nina binti chuo. Mimi nataka yule mtu wa foleni.

westi_nai
Huku Nairobi sisi tulijaribu kufunga mapema. Sheria ya 2010, ile watu wanaita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka, baa ni saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, wikendi inaanza saa 8 mchana. Katiba mpya ikapeleka leseni za pombe kwa kaunti, Nairobi ikatunga yake 2014. Mwisho wa 2022 gavana Sakaja akasema hakuna leseni ya klabu kwa makazi ya watu. Kwa kelele nilifurahi sana, nina mtoto mdogo na besi ilikuwa inatetemesha dirisha. Lakini baa zote zikifunga kwa wakati mmoja, mnajua kinachotokea, watu wote barabarani dakika moja, boda wanapandisha bei, na hapo ndipo wasichana wanaibiwa simu. Sydney pia walijaribu 2014, hakuna kuingia baada ya saa 7 na nusu usiku, na miaka michache baadaye wakaondoa.

zamu_ya_usiku
@westi_nai ndio maana Amsterdam imenivutia. Enzi za Mirik Milan kama meya wa usiku walitoa leseni za masaa 24 kwa kumbi chache nje ya katikati ya mji, watu wakawa wanatoka kidogo kidogo. Pale Rembrandtplein wakaweka wenyeji wa uwanja, wanaongea na walevi kabla mambo hayajawa ya polisi. Na ofisi yake ililipiwa na mji na wenye kumbi kwa pamoja.

temeke_kwetu
Dada/kaka mtoa mada, kwetu Bongo leseni ya vileo inatoka halmashauri, ila ada ikilipwa inaingia mfuko mmoja na hela za madawati ya shule. Lakini mbona tunajua kutenga? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kisheria kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na diwani anaulizwa. Basi ada ya vileo nayo itengewe fungu, taa za njiani kutoka baa hadi kituo cha daladala, na mlinzi kituoni. Mi ningechagua hiyo kuliko zote tatu.

mlango_wa_mbele
Temeke umenishika. Tozo yenye fungu lililoandikwa ningeilipa bila kinyongo.

zamu_ya_usiku
Mrejesho. Jana nimemkuta yule mama tena, nikamuuliza kuhusu ndala. Anasema waumini wa kanisani kwao wanachanga, wananunua za jumla, na saizi za miguu mikubwa ndizo zinaisha haraka. Nimempa pauni kumi.