Je, serikali iwagharimie wazee wa Mau Mau warudi mahakamani?

Mjukuu wa Othaya: Nyanya yangu alichimba handaki la kuzunguka msitu wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau waliodai ardhi na uhuru miaka ya 1950, mtoto mgongoni, askari nyuma yake. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, humo humo gharama za mawakili, kwa watu 5,228 walioteswa. Nyanya hakuwamo. Kesi ya pili ilikuwa na zaidi ya watu 40,000, na mwaka 2018 jaji wa London akaitupa: muda umepita mno. Wazee wetu walikuwa wakichangishana nauli ya kwenda kuonana na mawakili! Nasema serikali ya Kenya ishike kesi hii yenyewe, ilipe mawakili na madaktari wa kupima makovu. Waingereza waliwalipa askari wao waliotekwa na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia pauni 10,000 kila mmoja mwaka 2000. Kumbe njia ya kulipa wanaijua.

Kaka wa Likoni: Si walishalipwa 2015? Tutalipa kodi mpaka lini? Halafu Mau Mau ilikuwa vita vya Wakikuyu, sisi Pwani tuna dhuluma zetu ambazo hakuna anayezitaja.

Mutinda: 2015 ni ule mnara wa ukumbusho pale Uhuru Park. Malipo ni 2013. Ila hapo kwa "vita vya Wakikuyu" umenichoma, ndugu yangu. Kesi ya 2009, iliyozaa malipo hayo, ilifunguliwa na watu watano. Soma majina: Ndiku Mutua, Paulo Nzili. Hao ni Wakikuyu? Nzili alihasiwa kizuizini. Na kambi ya kizuizi ya Manyani iko wapi? Ya Hola iko wapi? Huko huko kwenu Pwani! Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa Hola kwa kukataa kazi ya kulazimishwa.

Kaka wa Likoni: Hola siikatai, Mungu awarehemu. Nilichosema ni kodi. Kama ni kulipa, waanze watoto wa homugadi, walinzi wa vijiji waliowatumikia Waingereza. Wao ndio walioshika mashamba wenzao wakiwa kizuizini, na leo wanatutawala.

Binti wa Karatina: Baba yangu alikuwa homugadi. Amezikwa kwenye robo ekari. Shamba gani hilo alilochukua? Kaka yake aliuawa usiku kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, yeye akapewa mkuki akaambiwa alinde kijiji. Ulitaka afanye nini? Miaka yote tunatukanwa kanisani, na hapa pia?

Mjukuu wa Othaya: Dada, sikumtaja baba yako. Lakini aliyemsimamia nyanya pale handakini alikuwa wa kijiji kile kile. Alimjua kwa jina.

Binti wa Karatina: Basi sema ukweli wote. Ni Mwingereza aliyewagawa.

Mutinda: Tumetoka nje ya mada. Tatizo la kuishirikisha serikali ni hili: London walijitetea kwamba madeni ya ukoloni yalirithiwa na Kenya mwaka 1963. Jaji alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo mwaka 2011. Serikali yetu ikiingia iingie na mawakili wanaojua, tusije tukabebeshwa mzigo wa mwingine. Tena serikali gani? Mau Mau ilibaki marufuku kisheria mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru.

Kaka wa Likoni: Miaka 40? Hilo sikulijua. Basi sisi wenyewe tunawadai wazee hawa radhi kabla ya Mwingereza.

Mjukuu wa Othaya: Radhi haimnunulii nyanya dawa. Ana miaka 91. Nauliza tena: nani alipe wakili?

Binti wa Karatina: Mimi bado nasubiri kuambiwa baba yangu alichukua shamba la nani.

Kaka wa Likoni: Dada, hilo neno nalirudisha. Sikumjua mzee.